Breki za Nyuma Zisizoachia, na Dereva Asiye na Hatia

Motokaa zimeenea vijijini kuliko zamani. Chama cha ushirika kina pikapu yake, zahanati ina gari la wagonjwa, shule ina basi, na mwenye duka ana gari la kuchukulia bidhaa zake. Lakini mara nyingi mwenye gari si fundi, naye hulikabidhi gari kwa dereva kama mtu anayemkabidhi mchungaji ng'ombe bila kujua idadi yao. Likitokea jambo, hajui amwulize nani wala aulize nini. Katika habari hii nataka kueleza ugonjwa mmoja wa motokaa unaokula fedha kimya kimya, nao ni breki za nyuma kukamata zisiachie, kupata moto, na kuisha kabla ya wakati wake. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu uliwahi kunifanya nimwonee mtu, na napenda wasomaji waepukane na kosa kama hilo.

BARUA NILIYOIANDIKA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa hesabu katika chama kimoja cha wakulima milimani Usambara. Chama kilikuwa na pikapu moja iliyochukua kabichi, viazi na matunda kutoka Lushoto kwenda Mombo, ambako malori ya Dar es Salaam hupita. Katika mwaka mmoja niliandika mara tatu katika daftari la matumizi maneno haya: breki shu za nyuma, seti moja, pamoja na ujira wa fundi. Breki za mbele hazikubadilishwa hata mara moja.

Kamati ilipoiona gharama ile ilikasirika. Wajumbe walisema kwamba dereva ana mguu mzito, na kwamba hushuka mlima wote huku ameukalisha mguu juu ya breki. Dereva alijitetea. Alisema gari ni zito kwenda, na kwamba hata likiachwa bila gia mahali penye mteremko mdogo haliondoki. Lakini maneno ya mshitakiwa huwa mepesi. Shauri likakatwa kwamba gharama ya seti ya tatu ikatwe katika mshahara wake. Mimi ndimi niliyeiandika barua ile, kwa mwandiko mzuri na maneno ya adabu. Baada ya miezi miwili akaacha kazi.

Akaja dereva mwingine, mtu mzima na mwangalifu. Seti ya nne ikaisha upesi vilevile. Ndipo kamati ilipomwita mzee mmoja aliyekuwa amestaafu kazi ya ufundi Tanga. Mzee yule hakugusa spana. Aliuliza swali moja tu: "Karani, linaloisha ni gurudumu lipi, la kushoto au la kulia?" Hapana aliyejua. Kila mara fundi alikuwa amebadilisha pande zote mbili na kuvitupa vile vya zamani bila kuvitazama. Mzee akaliinua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu la kulia kwa mkono, nalo likazunguka. Akalizungusha la kushoto, likakataa.

Sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza inafaa tuone jinsi breki inavyofanya kazi.

BREKI HUGEUZA MWENDO KUWA JOTO

Watu wengi hudhani kwamba breki huua mwendo. Sivyo. Mwendo haufi, bali hugeuzwa kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa, joto linalozaliwa latosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji baridi. Na kutoka Lushoto mpaka Mombo barabara hushuka karibu meta 1,000. Gari lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na mzigo wake, likishuka meta 1,000, hutoa joto la kutosha kuchemsha karibu madebe matatu ya maji. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini kama dereva ametia gia ndogo, na sehemu na upepo. Lililobaki ni mzigo wa breki.

Magari mengi, hasa pikapu, yana ngoma katika magurudumu ya nyuma. Ngoma ni kama sufuria ya chuma iliyofunikwa, inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga, navyo havizunguki. Mafundi wa gereji huviita breki shu. Kila kimoja kimebandikwa bitana ngumu upande wa nje. Dereva akikanyaga, masta silinda husukuma mafuta ya breki katika mabomba. Mafuta yakifika nyuma huisukuma pistoni ndogo katika silinda ya gurudumu, na pistoni huvitanua viatu vikaisugua ngoma. Dereva akiinua mguu, mafuta hurudi na springi huvivuta viatu mahali pake. Ngoma ya namna hii ni ya zamani. Louis Renault wa Ufaransa aliitumia tangu mwaka 1902.

Breki hii ina tabia moja inayopasa kukumbukwa. Kiatu kimoja kinapoigusa ngoma, ngoma inayozunguka hukivuta kuelekea upande wake, na kwa hiyo hukikandamiza zaidi. Tabia hii ni faida wakati wa kusimama, maana humpunguzia dereva kazi. Lakini kama kiatu hakikuachia vizuri, tabia hiyohiyo hugeuka kuwa hasara, kwani mguso mdogo huongezeka wenyewe.

Tufanye hesabu. Tuseme breki ya gurudumu moja inalivuta gari nyuma kwa nguvu ndogo tu, iliyo sawa na uzito wa debe moja la maji. Dereva anaweza asiitambue. Lakini gari likienda kilometa 60 kwa saa kwa muda wa saa moja, nguvu hiyo ndogo huzaa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji, nalo lote humwagika katika ngoma moja. Breki nzima hufanya kazi kisha hupumzika, na upepo huipoza. Breki isiyoachia haina mapumziko. Hiyo ndiyo sababu bitana iliyopasa kudumu muda mrefu huisha katika miezi michache.

SABABU ZA BREKI KUTOACHIA

Sababu ni nyingi, lakini mtu akijua ni magurudumu mangapi yanayokamata, amekwisha kupunguza nusu ya kazi ya kutafuta.

Kama ni gurudumu moja la nyuma peke yake, kosa huwa limo katika gurudumu lile au katika waya wake wa hendibreki. Waya huu hupita ndani ya ala. Ala ikipasuka, maji na matope huingia, waya hushika kutu, na hendibreki ikivutwa waya huenda, lakini ikiachwa haurudi. Mpini ndani ya gari huonekana umeshuka, na taa ya dashibodi huzimika, maana taa hiyo hufuata mpini na si gurudumu. Hili ndilo lililokuwa kosa la pikapu yetu. Sababu nyingine za gurudumu moja ni pistoni ya silinda kushikwa na kutu, springi kulegea kwa kuungua mara nyingi, au bamba la nyuma kuchimbika mahali viatu vinapotelezea, hata viatu vikanaswa.

Tena kuna adjasta, yaani kile chuma chenye meno kinachovisogeza viatu karibu na ngoma kadiri bitana inavyopungua. Katika magari mengi adjasta ya kushoto na ya kulia hazifanani, kwa sababu nyuzi za skrubu zake zimekatwa kwa kuelekeana tofauti. Fundi akizibadilishana, haziwezi kufanya kazi yake. Wengine huzikaza mno ili pedeli iwe juu, na wengine huzikaza ngoma ingali moto. Ngoma yenye moto hutanuka. Ikipoa hunywea, na asubuhi huvikuta viatu vimeisubiri.

Kama ni magurudumu yote mawili ya nyuma, na ya mbele ni mazima, yafaa kushuku mambo mawili. La kwanza ni hendibreki iliyokazwa kupita kiasi, au iliyosahauliwa juu. La pili ni mpira wa breki ulio katikati ya fremu na mhimili wa nyuma, kwani katika pikapu nyingi mpira mmoja hulisha magurudumu yote mawili. Mpira huo ukizeeka huvimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyapitisha mafuta, lakini springi hazina nguvu ya kuyarudisha. Mpira huwa kama mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Kama magurudumu ya mbele na ya nyuma yote hukamata, tazama masta silinda. Huenda fimbo ya pedeli haina nafasi ya kurudi kabisa, au tundu dogo la kurudishia mafuta limezibwa na uchafu. Huenda pia mtu ametia mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki. Kosa hili ni baya sana. Mafuta ya injini huvimbisha mipira yote iliyomo katika breki, na dawa yake ni kubadilisha kila kipande chenye mpira na kuosha mabomba yote. Chupa moja ya mafuta yasiyofaa yaweza kugharimu kuliko seti kadhaa za breki shu.

Magari mengine yana diski nyuma badala ya ngoma. Huko vitu vya kutazama ni vile vyuma viwili ambavyo kalipa huteleza juu yake, na kile kiwiko cha hendibreki kilicho katika kalipa, kama kinarudi mpaka mwisho.

JINSI YA KUUTAMBUA UGONJWA

Dalili ya mvua ni mawingu. Gari ambalo breki zake hukamata hutumia petroli nyingi, huwa zito kuondoka, na haliteremki lenyewe mahali pa mteremko mdogo. Kuna harufu ya kitu kinachoungua, na ringi ya gurudumu moja huwa na vumbi jeusi au rangi iliyobabuka kuliko ya wenzake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Endesha gari kilometa 10 katika barabara ya tambarare, ukitumia breki kwa uchache, kisha simama. Usiiguse ngoma kwa mkono. Nyunyiza matone machache ya maji juu ya kila ngoma. Maji yakichemka upande mmoja, na upande wa pili yakabaki maji, umekwisha kumpata mgonjwa. Lakini usimwage ndoo ya maji baridi juu ya ngoma yenye moto kama wafanyavyo wengine chini ya mlima, kwa maana chuma kinaweza kupasuka.

Kipimo cha pili hufanywa gari likiwa limepoa, mahali palipo sawa. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, shusha hendibreki, inua nyuma kwa jeki, kisha egemeza gari juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Zungusha kila gurudumu kwa mkono, gia ikiwa huru. Mkwaruzo mwepesi si neno. Likikataa kuzunguka, legeza waya wa hendibreki. Likizunguka, kosa liko katika hendibreki. Likikataa bado, fundi afungue kidogo ile nati ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi mafuta yalikuwa yamefungiwa njiani, na kosa ni la mpira au la masta silinda. Gurudumu likiendelea kukataa, kosa limo ndani ya ngoma yenyewe.

HATARI YA JOTO KUPITA KIASI

Kupotea kwa fedha ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya maisha ya watu. Bitana ikipata moto mno hulainika kama kioo, na huacha kushika. Ngoma hutanuka ikaenda mbali na viatu, na pedeli hushuka. Joto huingia katika beringi, grisi huyeyuka, na beringi huharibika. Tairi nalo huweza kupasuka au kuwaka.

Tena kuna mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Mafuta ya namna ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za joto. Lakini maji yakiingia kufika asilimia 3.7, kiwango chake hushuka mpaka nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka mpaka 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Basi dereva hukanyaga, na pedeli huzama mpaka chini bila kusimamisha kitu. Jambo hili huweza kutokea katikati ya mteremko. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikuonyesha kosa.

MAMBO YA KUFANYA WAKATI WA KUTENGENEZA

Kwanza, usinunue breki shu mpya kabla ya kujua kwa nini za zamani zimeisha. Kufanya hivyo ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Pili, mwambie fundi asitupe vile alivyotoa. Avipange chini, vya kushoto kushoto na vya kulia kulia, nawe uvitazame. Bitana iliyoisha upande mmoja tu ni ushahidi.

Tatu, baada ya kuondoa chanzo cha kosa, badilisha viatu vya pande zote mbili pamoja, na springi zilizoungua. Ngoma ipimwe. Katika ngoma nyingi kumeandikwa kipenyo kisichopaswa kuzidi. Ikizidi, ngoma hiyo imekwisha kazi.

Nne, usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Zamani bitana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani na maradhi mengine baada ya miaka mingi. Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999, lakini vipuri vya zamani na visivyojulikana asili yake vingaliko. Lowesha vumbi kwa maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, na usiwaruhusu watoto wacheze karibu.

Tano, gari likiteremka mlima, dereva atie gia ndogo tangu juu, ili injini isaidie kulizuia. Breki zikanyagwe kwa nguvu kisha ziachwe zipoe, wala zisishikwe kidogo kidogo njia nzima.

Sita, chama au shule yenye gari iwe na daftari la gari. Humo iandikwe tarehe, kilometa, kipuri kilichobadilishwa, na jambo ambalo mimi sikuliandika: gurudumu lipi.

UAMUZI

Sasa turudi kwa dereva wetu. Pedeli ya breki ni moja, na hupeleka nguvu katika magurudumu yote. Gari likisimama, uzito hulemea mbele, na breki za mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi katika magari mengi. Kwa hiyo dereva mwenye mguu mzito hawezi kumaliza breki za nyuma mara tatu huku za mbele zikibaki nzima; wala hakuna mguu unaoweza kumaliza la kushoto na kuliacha la kulia. Ni kweli kwamba mzigo mwingi nyuma, au kompyuta ya magari mapya, huweza kuzizidishia kazi breki za nyuma. Lakini hayo nayo huyagusa magurudumu yote mawili. Ni kweli pia kwamba dereva anayesahau hendibreki ana hatia. Lakini hendibreki nzima iliyosahauliwa huchoma pande zote mbili.

Ushahidi huo wote ulikuwamo katika daftari langu na katika breki shu zilizotupwa nyuma ya gereji. Nyuma mara tatu, mbele hata mara moja. Niliziandika tarakimu zile kwa mkono wangu, nikazijumlisha sawasawa, wala sikuzisoma.

Waya mpya wa hendibreki ulifungwa kwa kazi ya asubuhi moja, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya seti moja ya breki shu. Kamati ilikubali kumrudishia dereva wa kwanza fedha alizokatwa, nikamwandikia barua ya kumwomba radhi. Alijibu kwamba fedha amezipokea, lakini amekwisha kupata kazi mahali pengine.

Basi, ninyi wazee wa kamati, waalimu, na wote mnaokabidhiwa mali ya watu wengi, mkiletewa shauri la breki zilizoisha upesi, msianze kumwita dereva. Inueni gari, mzungushe magurudumu, la kushoto na la kulia. Likiwapo moja lisilotaka kuzunguka, hilo ndilo la kuulizwa kwanza.